Mbwa anajua kuogelea, hajui pa kutokea

Swali: Daktari, mwezi uliopita tulihamia Riat hapa Kisumu, nyumba ya kupanga yenye bwawa la kuogelea. Tuna mbwa wawili: Bosco, German Shepherd wa miaka 9, na Kadogo, chotara mweupe wa kilo 7 hivi. Jumapili jioni radi ilipiga, Kadogo akakurupuka na kutumbukia upande wa kina kirefu. Aliogelea vizuri, lakini alizunguka tu akikwaruza vigae, hadi kijana anayetunza bustani alipomshika ngozi ya shingo na kumtoa. Vidato vya saruji vipo, kwenye kona ya maji machache, ila hakuvikaribia kabisa. Kule kwenye kina kuna ngazi ya chuma. Mwenye nyumba hataki tutoboe ukuta wala sakafu. Je, nimfundishe Kadogo kuogelea zaidi, au nimzuie asifike majini kabisa? Na Bosco, ambaye kiuno kimeanza kumsumbua, nimfanyieje?

Jibu: Pole sana, dada, na mpe yule kijana shukrani zangu. Alichofanya kilimwokoa Kadogo, ingawa baadaye nitaeleza namna nyingine ya kumshika.

Umesema Kadogo aliogelea vizuri. Naamini. Mbwa wengi wakitumbukia hujua kupiga miguu, hata ambaye hajawahi kuona maji mengi kuliko yale ya beseni. Kinachowaua kwenye bwawa ni kukosa pa kutokea. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba Kadogo hahitaji kufundishwa kuogelea zaidi. Anahitaji kufundishwa kutoka, na afundishwe hadi ajue njia hata akiwa na hofu, hata gizani. Kumzuia asifike majini ni jambo jema pia, na nitalizungumzia, lakini usilitegemee peke yake. Jumapili hukuwa umempa ruhusa, na bado aliingia.

Jaribu kuliangalia bwawa kwa macho yake. Mbwa anayeogelea, macho yake yako sentimita chache tu juu ya maji. Vidato vya saruji vimezama, na kutoka pale alipo havionekani. Anachokiona ni ukuta mmoja mrefu, wa rangi moja, unaomzunguka. Basi huenda kwenye ukingo ulio karibu, mara nyingi palepale alipoangukia, kwa sababu ndipo mwili wake unapojua kwamba kuna nchi kavu. Anainua miguu ya mbele kushika ukingo. Hapo ndipo taabu huanza. Sisi tukishika ukingo tunajivuta kwa mikono, kwa sababu tuna mfupa wa mtulinga unaoufunga mkono kwenye kifua. Mbwa hana mtulinga wa maana. Miguu yake ya mbele imeshikiliwa na misuli tu, imeumbwa kwa kukimbia, si kwa kujivuta juu. Akiinua kifua, nyuma inazama, mwili unasimama wima, na miguu ya nyuma haina pa kukanyaga. Anaanguka tena majini, anasogea hatua mbili, anajaribu tena. Kila jaribio linakula nguvu kuliko kuogelea kwenyewe. Na hafanyi kelele. Mbwa anayezama habweki. Pumzi yote inatumika kubaki juu.

Ngazi ya chuma haina faida yoyote kwake. Imesimama wima na vyuma vyake ni vyembamba. Kwa mbwa ni kama haipo. Kibaya zaidi, kola inaweza kunasa pale.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa asubuhi kwenye nyumba moja hapa Nakuru. German Shepherd wa miaka 4, mwenye afya, alikutwa amekufa bwawani. Nilipomtoa, kucha za mbele zilikuwa zimesagika hadi kwenye nyama, na kwenye ukuta kulikuwa na alama zake mahali pamoja tu. Vidato vilikuwa upande wa pili wa kona, mita 5 kutoka pale. Familia ile ilimpenda, na walikuwa wamemwona akiogelea mara nyingi na watoto mchana. Lakini kila mara yeye aliingia kwa vidato na kutokea kwa vidato. Hakuna aliyewahi kumwonyesha jinsi ya kuvifikia kutoka kona ile nyingine. Tangu siku hiyo simpimi mbwa kwa jinsi anavyoogelea. Namuuliza mwenye mbwa: akianguka pale, atatokea wapi?

Basi tuanze na mafunzo, kwa kuwa hayakugharimu kitu, na unaweza kuanza maandalizi yake leo.

Kabla ya yote, vidato visuguliwe. Bwawa la Kisumu lenye joto linaota utelezi wa kijani haraka, na mbwa aliyeteleza mara moja kwenye kidato cha kwanza hatakiamini tena. Kisha pima urefu wa kila kidato. Kama ni sentimita 25 au 30, hicho ni kidato cha mtu mzima, na kwa Kadogo ni ukuta. Weka tofali la saruji juu ya kila kidato, upande mmoja, ili apate nusu hatua. Hakikisha halichezi.

Pili, apate alama. Mbwa huona vizuri njano na buluu. Nyekundu huiona kama kahawia iliyofifia. Kwa kuwa bwawa lenyewe ni la buluu, mimi huchagua njano, na hakuna nyumba Kenya isiyo na mtungi wa njano wa lita 20. Chukua miwili, ijaze mchanga, uweke mmoja kila upande wa vidato, kwenye ukingo kabisa ili mbwa aliye majini aione. Ikae hapo daima. Usiihamishe siku ya wageni.

Sasa Kadogo mwenyewe. Mvalishe mkanda wa kifuani, usitumie kola wala mnyororo wa shingoni. Jaketi la kuelea lenye mshikio mgongoni likipatikana ni bora zaidi siku za mwanzo, kwa sababu linamwinua nyuma na kumtoa hofu. Ingia naye majini wewe mwenyewe, au mtu anayemwamini. Usimtupe ndani wala usiruhusu mtu amsukume kwa mzaha. Mbwa aliyetupwa hujifunza kwamba maji na watu ni vitu vya kukimbia, na mbwa anayekimbia hasikii anapoitwa.

Anza mwisho wa safari. Mweke kwenye kidato cha juu, kichwa kikitazama nje, sema neno moja tu, kwa mfano "Toka!", na akipanda mpe omena mmoja mkavu. Rudia mara tatu, nne. Kisha kidato cha pili. Kisha mwachie nusu mita nje ya vidato, ukiwa umemshika chini ya tumbo kuelekea nyuma. Pale nyuma ndipo penye siri: mbwa mwenye hofu hupiga maji kwa miguu ya mbele na kurusha matone kila mahali, huku nyuma ikizama. Ukiiinua nyuma kidogo, analala sawa na miguu ya mbele inatulia. Dakika 5 zinatosha siku ya kwanza. Akianza kutetemeka, au pumzi ikiwa fupi na ya haraka, maliza kwa jaribio rahisi na umtoe.

Siku zinazofuata mwongezee umbali, na hapa ndipo watu wengi huacha mapema. Wanamfundisha kutoka katikati ya bwawa na kuona amefuzu. Hajafuzu. Mbwa hajui kwamba njia aliyoijua kutoka kushoto ndiyo ileile kutoka kulia. Mpeleke kila ukuta na kila kona, mwelekeze uso ukutani kama mtu aliyeanguka na kujikuta pale, kisha mwachie huku ukiwa kando yake. Akikwaruza ukuta, usimwite kwa kelele; mguse ubavu, mgeuze aione mitungi, sema "Toka". Atakapokuwa anageuka mwenyewe bila kuguswa, kutoka kila kona, mara tatu mfululizo, hapo ameelewa. Kisha fanyeni jioni baada ya magharibi, taa ya nje ikiwaka. Kisha rudieni angalau mara moja kwa mwezi, maana mbwa husahau kitu asichokitumia.

Hata hivyo, kutoka kona ya kina hadi vidato vyenu kunaweza kuwa mbali mno kwa mbwa wa kilo 7 aliyeshtushwa na radi. Ndiyo maana ningependa mtengeneze ubao wa kupandia kule kwenye kina, na unawezekana bila kutoboa kitu cha mwenye nyumba.

Hesabu yake ni hii. Tuseme maji yako sentimita 20 chini ya ukingo. Ncha ya chini ya ubao lazima iwe majini sentimita 50 hivi, ili mbwa aukanyage kabla hajaanza kupanda. Ubao unaogusa uso wa maji tu ataupiga kwa kifua na kuukwepa. Jumla ni sentimita 70 za kupanda. Karatasi moja ya plaiwudi ni futi 8 kwa futi 4. Ikate katikati kwa urefu upate ubao wa futi 8 kwa 2, yaani mita 2.44 kwa sentimita 60. Kupanda sentimita 70 kwa urefu huo ni mteremko mpole ambao hata Bosco atauweza. Nunua ya milimita 18 inayostahimili maji, siyo ile nyembamba ya dari. Fundi aiwekee fremu ya mbao chini, atoboe matundu mengi ili maji yapite, na apigilie vibao vya inchi 2 kwa 1 kuvuka ubao kila baada ya sentimita 20, kwa skrubu zisizoshika kutu. Kati ya vibao weka mkeka wa mpira, ule wa mlangoni. Usipake rangi ya mafuta. Ikilowa inateleza kama sabuni.

Mahali pa kuuweka pana uzito kuliko ubao wenyewe. Mbwa aliyekwama hufuata ukuta, hakai katikati. Ubao ukitoka ukutani kuelekea katikati ya bwawa, atauzunguka au ataingia chini yake. Uweke kwenye kona: ncha ya juu ilalie ukingo wa ukuta mfupi, ubavu wake uguse ukuta mrefu. Anayekuja akifuata ukuta mrefu ataupanda moja kwa moja. Anayekuja kutoka ukuta mfupi atagonga ubavu wa ubao, na huko lazima fundi afunge kwa vibao nafasi iliyo chini, asiweze kupenyeza kichwa. Mfundishe Kadogo njia zote mbili. Kwa chini ubao usimame kwa miguu inayofika sakafuni, iliyovalishwa vipande vya tairi kama soli za akala ili isikwaruze vigae, na ufungiwe mawe kwa sababu plaiwudi huelea. Kwa juu, kipande cha mbao kipigiliwe chini ya ubao kishike ukingo kama kulabu, kisha magunia mawili ya mchanga yakandamize. Mtungi wa njano mwingine uwe hapo. Siku mkihama, mtaondoka nao.

Kabla haujaingia majini, ulazeni kwenye nyasi na mbwa wote wawili waupande na kuushuka kwa omena hadi wauone kama sehemu ya nyumba.

Naomba pia mwangalie kiwango cha maji. Bwawa likishuka nusu kwa sababu mnasafisha au bili imepanda, watu hudhani limekuwa salama kwa kuwa maji ni machache. Kwa mbwa limekuwa shimo. Ukuta umerefuka, ubao unaning'inia, na vidato vya juu haviguswi. Bwawa lililo nusu ni la kufungiwa mbwa mbali.

Bosco sasa. German Shepherd wa miaka 9 mwenye maumivu ya kiuno, mara nyingi ni nyonga. Maji yenyewe yanaweza kumfaa, kwani yanambebea uzito na misuli inafanya kazi bila viungo kugongana. Mtihani wake uko pale anapotoka, uzito wa kilo thelathini na kitu unaporudi ghafla kwenye miguu ya nyuma. Kwa hiyo Bosco asitumie vidato peke yake. Atokee kwa ubao, na wewe ukimpa mkono chini ya nyonga, au taulo iliyopitishwa chini ya tumbo karibu na mapaja. Usimvute kwa miguu ya mbele kamwe. Mpeleke kwanza akaguliwe nyonga, moyo na macho. Mzee asiyeona vizuri jioni huingia majini akidhani ni sakafu. Kama atachukia maji, mwache. Ajue tu kutoka.

Kuhusu usiku, nina wasiwasi nao kuliko yote, dada, kwa sababu ya desturi yetu. Wazungu wengi huandika ushauri wa mbwa anayelala ndani kitandani. Sisi tunamfungia mbwa mchana na kumfungulia saa 3 usiku alinde boma, saa ileile ambayo hakuna mtu kando ya bwawa. Anamfukuza paka, anapinda kona, amekwenda. Ukanda wa Ziwa Victoria nao una radi nyingi, na Kadogo ameshakuonyesha anachofanya radi ikipiga. Wafungulie mbwa upande wa lango na uzio wa waya wenye kimo cha mita 1.2 uwatenge na bwawa. Nguzo zake zinaweza kusimamishwa kwenye ndoo za zege, bila kuchimba. Radi ikianza kunguruma, Kadogo aingizwe ndani. Mlinzi aonyeshwe ubao ulipo, aambiwe kwamba akisikia maji yakichapwa, hilo ni jambo la kukimbilia. Na msitandike turubai juu ya bwawa mkidhani mmelifunga. Mbwa hulikanyaga, linazama naye, kisha linamfunika.

Kwenu Kisumu, mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, maji yana joto na yanampa mbwa muda. Kwa wasomaji wa huku Nakuru, mita 1,850 hivi, na walio juu zaidi Molo, usiku maji ni baridi na misuli ya mbwa mdogo hulegea haraka sana. Na kama una bwawa la shambani lililotandikwa karatasi nyeusi ya plastiki, tafadhali liangalie leo. Hakuna kitu kinachoteleza kama karatasi ile ikilowa. Mbwa, mbuzi na watoto wote hushindwa kuipanda. Funga kamba nene zenye mafundo na matairi ya zamani kila upande, yashuke hadi ndani ya maji.

Mkilazimika kumtoa mbwa aliyekwama, msiruke ndani kwanza. Mbwa mkubwa mwenye hofu atakupanda kichwani. Tumia mti wa wavu wa kusafishia bwawa kumwelekeza, au mshike mkiwa mmelala kifudifudi ukingoni: mkono mmoja kwenye mkanda wa kifuani, mwingine chini ya matako, mwinue mwili wote pamoja. Ngozi ya shingo ni ya dharura tu, na kwa mbwa mdogo tu.

Akitoka hapumui, mlaze ubavu, kichwa kikiwa chini kidogo maji yachuruzike kwa sekunde chache. Usimning'inize miguu juu ukamtikisa. Vuta ulimi mbele, toa kilichomo mdomoni. Kandamiza kifua mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kikizama thuluthi moja hadi nusu ya upana wake; kwa Kadogo kiganja kimoja kinachokumbatia kifua kinatosha. Kisha mfunge mdomo, puliza puani mara 2 hadi uone kifua kikiinuka, na urudie huku mtu mwingine akiwasha gari.

Akiwa amepona na kutikisa mkia, bado apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Maji yaliyoingia mapafuni huleta shida saa kadhaa baadaye. Hesabu pumzi akiwa amelala: zikizidi 30 kwa dakika, au fizi zikiwa za rangi ya samawati, au anakohoa, usingoje kukuche. Hili linamhusu Kadogo wa Jumapili pia. Kama hujampeleka, mpeleke.

Mambo madogo: baada ya kuogelea, msuuze kwa maji safi kuondoa klorini na mkaushe masikio. Weka bakuli la maji ya kunywa kando. Usimrushie mpira majini kwa nusu saa nzima, kwani anameza maji kila anapoudaka, na maji mengi mno huipunguza chumvi ya damu. Akitapika, akipepesuka na tumbo likijaa baada ya mchezo wa maji, ni hospitali moja kwa moja.

Hadi fundi amalize ubao, mbwa wote wawili walale kwenye banda lililofungwa, na mlinzi apige doria yake bila wao. Mitungi ya njano iwekwe leo. Kesho saa 11 jioni, kabla ya mvua, mkalishe Kadogo kwenye kidato cha juu na omena mkononi.